Ng'ombe wa Udongo: Kushoto Kwake ni Wapi?

 

Leo wekeni kalamu chini kwanza. Juma lililopita niliwaomba walimu wa madarasa walete udongo. Mwalimu, tafadhali gawa sasa, kila mtu donge la ukubwa wa ngumi mbili. Udongo wa kichuguu ni mzuri. Wa kando ya mto Mkondoa nao unafaa, ila toeni mchanga na mizizi.

Najua kuna mzee hapo nyuma anayesema, "Bwana Elimu ametugeuza watoto." Sivyo, mzee wangu. Wazigua na Washambaa wa zamani walifundisha vijana wao katika jando na unyago kwa sanamu za udongo, na baadhi ya sanamu hizo zilikuwa za wanyama. Hans Cory, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika, alitoa kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1956. Siri za jando si za kusemwa redioni, basi niishie hapo. Lakini mwajua sasa kwamba udongo ulikuwa kitabu kabla ya kitabu.

Tena kuna watu wazima wa Ulaya na Marekani, wengine wana mvi kama zako, wanaocheza vita juu ya meza. Wanapanga askari wadogo, vilima vya mbao na nyumba ndogo, kisha wanatupa dadu kujua nani ameshinda. Maofisa wa jeshi la Prussia, katika nchi ya Wajerumani, walianza kuutumia mchezo wa namna hii mwaka 1824 ili wajifunze vita bila kumwaga damu. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza aitwaye H. G. Wells alitoa kitabu kidogo chenye kanuni za kuchezea vita nyumbani kwa askari wa bandia.

Basi, vita hupita vijijini, na vijijini kuna mifugo. Kwa hiyo wachezaji huweka juu ya meza zao ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe wadogo sana. Na hapo ndipo ubishi unapoanza! Huyu asema, "Mbuzi wako mkia umelala kama wa kondoo." Yule asema, "Fahali wako ana kiwele." Mwingine asema, "Mguu huu wa nyuma umekunjwa vibaya." Wanabishana juu ya mbuzi anayekaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Msiwacheke. Mimi niliposikia habari zao nilicheka, na baadaye nikajuta, kama mtakavyosikia.

Askari wao wengi wana urefu wa milimita 28. Tufanye hesabu. Mtu mwenye urefu wa sentimita 168 ni milimita 1680. Gawanya kwa 28, utapata 60. Maana yake, kitu chochote juu ya meza ile kimepunguzwa mara 60. Sasa mchukue ng'ombe wetu wa kienyeji, mwenye nundu na pembe fupi, ambaye urefu wake begani ni kama sentimita 114. Gawanya kwa 60. Ni sentimita 1.9. Ng'ombe mkubwa wa maziwa wa Ulaya hufika kama sentimita 144. Gawanya kwa 60. Ni sentimita 2.4. Tofauti ni nusu sentimita tu, lakini ukimweka yule wa Ulaya karibu na mchungaji wa Kilosa, mchungaji ataonekana kijana mdogo. Na sanamu za dukani, ndugu zangu, nyingi ni za ng'ombe wa Ulaya: mgongo umenyooka, nundu hana, kiwele kama ndoo. Mtoto wa Mikumi akizichezea kila siku, ukimwambia achore ng'ombe atachora yule wa dukani, hata kama zizi la babu yake liko nyuma ya nyumba.

Askari sikuwaleta katika somo hili. Katika Wilaya yetu vita juu ya ng'ombe na mashamba si mchezo. Desemba 2000, kijijini Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Wapo wanaosikiliza leo waliozika siku zile. Hata Waingereza, baada ya ile vita kuu iliyokwisha mwaka 1918, walichoka na askari wa kuchezea. Kampuni ya Britains ya London, iliyokuwa mashuhuri kwa askari wa risasi, ikaanza kutengeneza ng'ombe, farasi na kuku wa shambani. Nasi tuanze na ng'ombe.

Lakini kwanza nieleze kwa nini nilijuta.

Miaka michache iliyopita nilifundisha somo la mifugo katika kijiji kimoja. Nilichora picha kubwa ya ng'ombe, kichwa chake kikielekea mkono wa kulia wa msomaji. Ndani ya mwili nikachora lile tumbo kubwa linalopokea majani, nikalipaka rangi ya kijani ili lionekane vizuri. Picha ilipendeza, wakaibandika ukutani. Sikufikiri kwamba ng'ombe anayetazama kulia kwako anakuonyesha ubavu wake wa kulia, na kwamba tumbo lile liko kushoto.

Baada ya mvua, ng'ombe wa mama mmoja wa darasa lile alikula majani mabichi mengi mno, akavimba. Mnajua ugonjwa huo. Hewa hujaa tumboni, mnyama hawezi kupumua, na mara nyingine hufa kabla ya saa chache kupita. Bwana Mifugo alikuwa mbali. Majirani wakakumbuka picha ya ukutani, na mmoja aliyewahi kuona kazi hiyo ikifanywa akachukua kisu. Wakamtoboa ng'ombe upande ule waliouona katika picha. Hewa haikutoka. Ng'ombe akafa, na mimba yake. Jioni Bwana Mifugo alipofika alimpasua, akawaonyesha tumbo lilivyojaa upande wa pili.

Yule mama hakunilaumu hata neno moja. Alinikaribisha uji. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Tangu siku ile sifundishi mwili wa mnyama kwa picha peke yake. Picha ina upande mmoja tu. Ng'ombe wa udongo unamzunguka kama unavyomzunguka ng'ombe wa zizini.

Haya, tufinyange. Sisi tutapunguza mara 10, siyo 60, kwa sababu macho yetu hayana ugomvi na mtu. Ng'ombe wa sentimita 114 atakuwa na sentimita 11 na kidogo. Mbuzi wa sentimita 60 atakuwa na sentimita 6. Mwalimu afinyange mtu mmoja wa sentimita 17, amweke mezani awe kipimo chetu. Mgongo wa ng'ombe wetu hufika juu kidogo ya kiwiko cha mtu aliyesimama. Ukimaliza, na mgongo wa ng'ombe wako ukafika puani kwa yule mtu, umefinyanga nyati.

Anza na kiwiliwili. Kisiwe cha mviringo kama chungu. Ng'ombe wetu ni mwembamba ukimtazama kwa mbele, na kifua chake kimeshuka. Tangu begani mpaka chini ya kifua ni karibu nusu ya urefu wake wote, na nusu iliyobaki ni miguu. Wengi hutia miguu mifupi kwa kuogopa itavunjika. Tia kijiti ndani ya kila mguu.

Nundu iko juu ya mabega. Nasema juu ya mabega, maana nimeona ng'ombe wengi wa udongo wenye nundu katikati ya mgongo. Huyo ni ngamia. Ya dume ni kubwa kuliko ya jike. Chini ya shingo ning'iniza ngozi nyembamba mpaka kifuani.

Sasa miguu, na hapa ndipo hata wale wazungu wa mezani hukosea. Kila mtu aweke mkono mezani, ausimamishe kwa ncha za vidole viwili tu, cha kati na cha pete. Ndivyo ng'ombe anavyosimama! Kwato zake mbili ni kucha za vidole viwili hivyo. Vile vikwato vidogo vya nyuma visivyogusa chini ni mabaki ya kidole cha shahada na kidole cha mwisho. Kile tunachokiita goti la mguu wa mbele ni kifundo cha mkono wake, pale kiganja chako kinapokunjika. Kiwiko chake kiko juu, karibu na kifua. Mguu wa nyuma una kifundo kinachochomoza nyuma. Hicho ni kisigino, na goti lenyewe liko juu karibu na tumbo, likielekea mbele. Ukijua hivyo hutamkunja mnyama kama kiti kilichovunjika.

Kiwele cha jike kiko katikati ya miguu ya nyuma, nacho kina chuchu nne. Mbuzi na kondoo wana mbili. Dume mpe alama zake za dume mahali pake, msione haya, sote ni watu wazima. Mkia wa mbuzi usimame. Mkia wa kondoo uning'inie, na wa kondoo wetu wa Kimasai uwe mnene kwa mafuta. Ukitaka kumfinyanga ng'ombe anayeinuka kutoka chini, inua matako kwanza, naye abaki amepiga magoti mbele. Punda huanza kuinua miguu ya mbele. Ng'ombe anayeinuka kama punda hayupo, si Kilosa wala London.

Kazi kubwa imebaki. Simama nyuma ya ng'ombe wako, utazame anakotazama yeye. Mkono wako wa kushoto na ubavu wake wa kushoto ni upande mmoja. Ukisimama mbele yake mkitazamana, kushoto kwako ni kulia kwake, na hapo ndipo watu hupotea. Sasa tafuta ubavu wa mwisho upande wa kushoto. Nyuma yake, mbele ya mfupa wa nyonga, chini kidogo ya mgongo, bonyeza kwa kidole gumba. Fanya bonde dogo. Litie alama kwa mkaa.

Chini ya bonde hilo ndipo lilipo tumbo kubwa. Ng'ombe mzima, bonde linaonekana. Kesho asubuhi nenda zizini, weka ngumi yako hapo, utulie. Utasikia tumbo likisukuma ngumi, kama mara moja au mbili kwa dakika. Usiposikia kitu, mnyama ana jambo. Na bonde likijaa likawa ngoma, mwite Bwana Mifugo mara ile ile. Wakati unamngoja, mnyama asilale. Msimamishe, miguu ya mbele ikae mahali pa juu. Kutoboa ni kazi ya mtu aliyefundishwa, mwenye kifaa chake safi. Sikuwafundisha alama hii mpate kushika visu. Nimewafundisha ili mmwone mnyama mapema, na mtu akitaka kutoboa upande usio wake mumshike mkono.

Wenzetu wa Mikumi wana faida moja. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko mlangoni kwao, na barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inapita ndani yake. Nyati wanawaona. Basi darasa la Mikumi lifinyange na nyati mmoja, tuwalinganishe. Hana nundu. Pembe za dume zimeungana juu ya paji la uso kama kofia ya chuma, na masikio yananing'inia chini ya pembe. Juu ya meza mtu aweza kuwachanganya. Porini ukiwachanganya, hutarudi darasani.

Wekeni sanamu kivulini, si juani, zisipasuke. Udongo ukikauka hupungua, kwa hiyo pimeni leo, mpime tena juma lijalo, muandike vipimo vyote viwili katika daftari. Kisha kila mmoja aandike sentensi tatu kwa maneno haya: nundu, kwato, kiwele, nyonga, kushoto. Mwalimu asisahihishe sentensi mpaka amezungukwa na ng'ombe wenyewe, na kila mwandishi ameonyesha kwa kidole lile bonde lenye mkaa.

Juma lijalo tutafungua mdomo wa mbuzi tuhesabu meno, tujue umri wake. Mtamwona mbele ana meno ya chini tu, juu ni ufizi mgumu. Mwenye mbuzi mpole amlete, na mwenye mbuzi mkali amwache nyumbani. Kwaherini.