Mali ya Mteja Imo Ndani ya Mashine

Hotuba ya fundi na mshauri wa kujitegemea wa kompyuta mbele ya wakazi wa Hombolo



Nimeombwa nieleze namna ya kuendesha huduma ya kompyuta kwa kujitegemea, bila kuajiriwa na ofisi wala kampuni, katika mazingira yetu ya Hombolo. Wapo vijana hapa wanaotamani kuingia katika kazi hii, na wapo wengi zaidi ambao hawatashika bisibisi maisha yao yote, lakini siku moja watamhitaji fundi. Nitasema na makundi yote mawili. Naanza na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa kanuni ninazozifuata leo zilitokana nalo.

Katika mwaka wangu wa pili wa kazi nililetewa kompyuta mpakato ya kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Ilikuwa imejaa virusi, na kuwaka kwake kulichukua robo saa. Kijana aliyeileta aliniambia, “Kaka, ipige Windows tu, tunaihitaji Jumamosi.” Nikaipiga. Nilifuta diski yote, nikaweka mfumo mpya, nikapuliza vumbi, na jioni ile mashine ikawaka mara moja. Nilijiona bingwa.

Jumamosi alikuja mweka hazina, mama wa umri wa kunizaa. Aliifungua kompyuta, akatafuta, akatafuta tena, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, hisa zetu ziko wapi?” Hesabu za wanachama thelathini, hisa na mikopo ya miaka mitatu, zilikuwa ndani ya diski ile na hazikuwa mahali pengine popote. Kijana aliyeileta hakulijua hilo. Mimi sikuuliza.

Nilijaribu programu za kurejesha mafaili yaliyofutwa. Lakini mfumo mpya ulikuwa umekwisha kuandikwa juu ya yale ya zamani, na yaliyorudi yalikuwa vipande visivyosomeka. Basi kwa jioni kumi niliketi na mweka hazina na katibu wake, tukakusanya vitabu vya wanachama kimoja kimoja na kuandika upya kila hisa. Vitabu vinne havikupatikana au vilikuwa vimelowa mvua. Kikundi kikalazimika kuamua kwa kura wanachama wale wanne wahesabiwe kiasi gani. Watatu waliridhika. Mzee mmoja hakuridhika, akajitoa. Hadi leo tukikutana njiani hunisalimu kwa adabu, lakini hasimami. Nilirudisha malipo niliyopokea na nikakihudumia kikundi mwaka mzima bila kudai shilingi. Imani ya mzee yule sijaweza kuirudisha.

Ndugu wananchi, hilo ndilo somo la kazi hii. Kompyuta ikiharibika hununuliwa nyingine. Kilichomo ndani, yaani hesabu, barua, matokeo ya wanafunzi na picha za marehemu, hakina duka. Fundi asiyejua kwamba ameshika mali ya namna hiyo hajaanza kazi, hata kama mikono yake ni miepesi kiasi gani.

Tangu wakati ule sigusi mashine ya mtu kabla ya kujaza hati ya kazi. Ni kitabu cha kawaida chenye karatasi ya kaboni, kama vile vya stakabadhi. Naandika jina la mwenye mashine, aina ya mashine na vifaa vilivyokuja nayo, tatizo kwa maneno yake mwenyewe, na bei tuliyokubaliana. Kisha nauliza maswali mawili: Je, ndani yake kuna kitu ambacho hakipo kwingineko? Je, unaniruhusu kufuta? Majibu naandika, anasaini, nakala moja anaondoka nayo. Aliyetumwa na mwenzake hawezi kutoa ruhusa ya kufuta. Nampigia simu mwenyewe. Kazi hii huchukua dakika tano, na imeniepusha na ugomvi zaidi ya chombo chochote nilichonacho.

Msidhani kwamba tatizo la kuwa na mashine bila mtu wa kuitunza ni letu sisi wadogo peke yetu. Kompyuta ya kwanza nchini mwetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya hapo hesabu za Serikali zilihamishiwa katika kompyuta, wakati wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno na utegemezi kwa wageni ulikuwa mkubwa. Mpango ule ulileta hasara na mkanganyiko, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uagizaji wa kompyuta, isipokuwa kwa kibali maalumu. Nchi nzima ilijifunza kwa gharama kwamba mashine hutangulia haraka na ujuzi huja nyuma kwa miguu. Leo marufuku haipo, na kompyuta zimefika katika shule, zahanati, maduka na vikundi vyetu. Swali lililobaki ni lile lile: nani anaitunza, na ikilala, nani anajua kilichokuwamo?

Sasa niseme na vijana kuhusu riziki. Anayetegemea mashine zilizoharibika peke yake atashiba mwezi mmoja na kufunga miwili. Hapa kwetu fedha ina majira. Zabibu zikivunwa, simu yangu huita. Wanachuo wa Chuo cha Serikali za Mitaa wakikaribia kuwasilisha taarifa zao za utafiti, huita zaidi, tena usiku. Katikati ya majira hayo kuna ukimya. Kilichonitoa katika ukimya huo ni makubaliano ya matunzo. Mteja hulipa kiasi kidogo kila mwezi, nami nafika kwake mara moja kwa mwezi, iwe mashine inaumwa au ni nzima. Naondoa vumbi katika feni, kwa maana vumbi letu la kiangazi huziba njia ya hewa hadi mashine ikachemka. Naangalia kinga ya virusi. Natoa nakala ya akiba ya mafaili yote katika diski ya nje, ambayo haibaki chumba kimoja na kompyuta. Mwisho nafungua faili moja au mawili katika nakala hiyo, mteja akiona. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Jambo gumu kuliko yote ni kutoza ushauri. Mtu hulipa bila kinyongo akiona kifaa kipya, lakini ukimwambia “usinunue”, haoni alichonunua kwako. Mwenye duka mmoja alitaka nimletee kompyuta mpya. Nikaikagua yake, nikaona inahitaji kuongezewa kumbukumbu na kufutwa programu zisizo na kazi. Ningemuuzia mpya ningepata faida kubwa zaidi siku ile. Nilimwambia ukweli, nikamtoza ada ya ukaguzi iliyokuwa imeandikwa katika hati tangu mwanzo, akalipa huku akinung’unika. Baadaye alinipeleka kwa wenzake watatu. Kijana, iandike ada ya ukaguzi kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, la sivyo utauza vifaa ambavyo watu hawavihitaji ili upate nauli yako.

Nauli nayo ni hesabu. Kutoka hapa hadi mjini Dodoma ni kilomita zipatazo 40, na vipuri vingi viko huko. Kwa hiyo sinunui kipuri kwa fedha yangu. Mteja hutanguliza bei ya kipuri, nami namletea risiti ya duka pamoja na kipuri kibovu nilichokitoa, akione kwa macho yake. Bei ya kipuri na bei ya kazi yangu ni mistari miwili tofauti. Nikificha faida ndani ya bei ya kipuri, siku atakapoulizia dukani atanihesabu mwizi, na hatakuwa amekosea sana.

Yapo pia ya kiserikali, na nawaomba vijana msiyakimbie. Pateni namba ya mlipakodi kutoka TRA, sajilini jina la biashara BRELA, kisha ombeni leseni katika Halmashauri. Bila hayo utabaki kuhudumia majirani tu, kwa kuwa shule, zahanati au ofisi ya umma haiwezi kumlipa mtu asiye na nyaraka. Anayetaka kuuza huduma serikalini sharti ajisajili katika mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Fahamuni pia kodi ya zuio: ukifanya kazi ya shilingi 100,000 kwa taasisi inayopaswa kuzuia kodi, itakata asilimia 5 na utapokea shilingi 95,000. Usikasirike. Dai cheti cha zuio, kwa kuwa ile 5,000 ni kodi uliyokwisha kulipa, na utaihitaji wakati wa hesabu zako na TRA.

Kuhusu mtaji, ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Hutolewa kwa riba isiyokuwapo, lakini ni deni. Vijana wanaotaka kuungana kwa kazi hii waende kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata wakaelezwe masharti ya sasa. Ushauri wangu ni kwamba kikundi kianze na wateja wawili au watatu wa matunzo kabla ya kukopa, ili marejesho yawe na chanzo.

Nimalizie na ninyi mtakaotuita. Fundi akija, mna haki ya kumuuliza mambo manne: atafanya nini, kwa bei gani, mafaili yenu yatakuwa wapi wakati akifanya, na nani mwingine atayaona. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi halali na zilindwe zisifikiwe na asiyehusika. Fundi uliyemwita kutengeneza feni hana ruhusa ya kufungua picha zako. Ukimpa neno lako la siri, libadilishe akishaondoka. Hata mimi nawaambia wateja wangu wafanye hivyo, na sioni aibu.

Nanyi mna wajibu. Msisubiri mashine ife ndipo mkumbuke nakala. Kila kikundi, kila shule, kila duka lenye kompyuta lijiulize usiku huu: mashine hii ikiibwa kesho, tutabaki na nini? Ikiwa jibu ni “hatubaki na kitu”, basi kabla ya kumtafuta fundi nunueni diski ya nje au hata flashi, nakilini hesabu zenu, na mkabidhini mtu mwingine aihifadhi nyumbani kwake, ikiwa imefungwa kwa neno la siri. Wala msivitupe vitabu vya wanachama. Vilituokoa.

Kikundi kile bado kipo, na mweka hazina yule bado ni mteja wangu. Kila mwezi nikimaliza kazi hunyosha mkono apewe diski ya akiba, huifungua mwenyewe, husoma jina la kwanza na la mwisho katika orodha ya hisa, ndipo anasaini hati yangu. Hajawahi kuruka hata mwezi mmoja, nami sijawahi kumwambia aharakishe.