Tiketi ya Kurudi: Mmisionari Ugenini, kutoka Karema hadi kwa Wamormoni wa Leo



Mada niliyokuwa nimeiandaa ilihusu bei ya mahindi na barabara ya Tunduma. Nimeiweka kando kwa sababu ya maneno niliyoyasikia kwenye kongamano moja Dar es Salaam. Msemaji ni mwanazuoni ninayemheshimu, na kwa kuwa hayupo hapa kujitetea sitamtaja jina. Alikuwa akiwazungumzia vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hao tunaowaita Wamormoni: shati jeupe, beji nyeusi kifuani, wawili wawili kwenye kituo cha daladala. Akasema hawa si wamisionari, ni watalii wa dini. Wanakaa miaka 2, wanapiga picha, wanarudi kwao kuoa. Mmisionari wa kweli, akasema, ni yule aliyekuja bila tiketi ya kurudi. Anayebisha aende Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akaone makaburi ya wamisionari. Akamalizia kwa methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hawa huondoka kabla jembe halijatolewa. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mimi sikupiga. Naomba leo nieleze kwa nini, na mtanisamehe nikichukua muda mrefu, kwa sababu hoja iliyopigiwa makofi haing'oki kwa neno moja.

Tuanze na hayo makaburi. Mnaijua historia ya misheni za Ziwa Tanganyika, siwezi kuwasimulia upya. Nachukua mtu mmoja tu, Arthur Dodgshun wa London Missionary Society. Aliondoka pwani mwaka 1877 pamoja na msafara wa magari ya ng'ombe. Ng'ombe wakafa kwa mbung'o, mizigo ikatawanyika, wapagazi wakakimbia. Wenzake walitangulia wakafika Ujiji Agosti 1878, na mmoja wao, J. B. Thomson, akafariki mwezi uliofuata. Dodgshun mwenyewe aliingia Ujiji mwishoni mwa Machi 1879. Wiki moja baadaye naye akazikwa. Alikaa njiani karibu miaka 2, muda unaokaribia ule anaotumikia kijana wa Kimormoni. Hakubatiza mtu. Ugali wa nyumba moja pale Ujiji hakupata nafasi ya kuuzoea. Nalia naye kama binadamu, lakini mwenzangu akitaka kaburi liwe kipimo cha umisionari, basi homa ndiyo iliyokuwa ikitoa vyeti.

Tukitoka kwa waliokufa mapema tunakuta waliokaa. Hapa ndipo mwenzangu alipoteleza zaidi. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, hawa White Fathers wetu, walikabidhiwa kituo cha Karema, ambacho Wabelgiji wa jumuiya ya mfalme wao Leopold walikuwa wamekijenga kuanzia 1879. Hawakupokea kanisa. Walipokea ngome. Upande wa pili wa ziwa, Mpala, akaja Kapteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, akaunda jeshi dogo la kupambana na wafanyabiashara wa watumwa. Alioa kule, akazeeka kule, akafa kule mwaka 1927. Tiketi ya kurudi hakuwa nayo, kama mwenzangu anavyopenda. Lakini tuulize alifanya nini kwa kukaa. Aliamua kesi. Aliamuru watu. Kule Karema nako mapadre waliwakomboa watoto kwa fedha, wakawalea, wakawagawia mashamba, wakawaozesha wao kwa wao, na kesi za vijiji hivyo zikaamuliwa misheni. Mgeni asiyeondoka, akiwa na bunduki nyuma yake na pesa mkononi, ndani ya miaka michache si mgeni tena. Ni mtemi.

Sisemi hivyo kwa chuki. Mimi mwenyewe nimesoma kwa masista na sare yangu ya kwanza walininunulia wao. Wala sisemi kwamba Wafipa walikuwa udongo wa kufinyangwa tu. Kathleen Smythe, aliyeandika juu ya familia za Kifipa na Ukatoliki huko Nkansi, ameonyesha vizuri kwamba wazee wetu waliwapeleka watoto misheni kwa hesabu zao wenyewe, na kwa desturi zao za kulea zilizokuwapo kabla ya padre wa kwanza. Ninachokataa ni ile sentensi ya kongamano, kwamba kukaa daima ni ushahidi wa upendo. Kukaa ni kukaa. Aliyekuja kulima hukaa, na aliyekuja kutawala hukaa vilevile.

Sasa nije kwenye jembe. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Nairobi. Kanisa la Wamormoni lilitambuliwa rasmi Kenya mwaka 1991, na mwaka huohuo ikaundwa Misheni ya Nairobi; Tanzania imekuja kupata misheni yake yenye makao Dar es Salaam mwaka 2020. Kijana akabatizwa akiwa sekondari. Baadaye ikaja barua: utatumikia Uganda. Wamisionari wenyewe hawachagui nchi, wala hawachagui mwenzi wa kazi. Wavulana hutumikia miaka 2, wasichana miezi 18, na kwa gharama familia hujikamua, kanisa likisaidia pale zinapopelea. Dada yangu aliuza mbuzi.

Alinisimulia mengi baadaye, na karibu yote hayakuwa yale niliyoyatarajia. Mvua, malaria, milango iliyofungwa, mbwa walioachiwa, hayo aliyapitia na kuyacheka. Kilichomkaba ni kanuni ya wawili. Mmisionari wa Kimormoni haruhusiwi kuwa peke yake, mchana wala usiku, isipokuwa msalani na bafuni. Mwenzi wake wa kwanza alikuwa kijana kutoka Utah, ambaye hajawahi kufua nguo kwa mikono maishani mwake. Kijana wetu akamfundisha kusugua kola ya shati kwa kipande cha sabuni ya mche, kuisuuza mara mbili, kuianika upande wa ndani ili jua lisiichomee rangi, kisha umeme ukikatika kuipiga pasi ya mkaa bila kuacha doa la masizi. Wiki tatu walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya uji. Ikafika siku yule Mmarekani akapata habari kwamba babu yake amefariki. Ilikuwa kabla ya Februari 2019, wakati walipokuwa wakiruhusiwa kupiga simu nyumbani Krismasi na Sikukuu ya Akina Mama tu; siku hizi wanapiga kila wiki. Walikaa sakafuni usiku kucha, mmoja akilia, mwingine akimpepea kwa daftari la mahubiri. Baada ya wiki chache, uhamisho ukawatenganisha.

Namuuliza mwenzangu wa Dar es Salaam: hilo si jembe?

Na wala Wamormoni hawakuibuni shida hii ya kulazimishwa kukaa pamoja. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa White Fathers, aliwaagiza mapadre wake wasikae kituoni chini ya watatu. Alijua kwamba mtu mmoja peke yake ugenini huharibika. Lakini wanaolazimishwa kukaa pamoja huharibika pia, kwa njia nyingine. Masomo yetu ya historia ya misheni yameandika mno juu ya mmisionari na mwenyeji, na kidogo mno juu ya mmisionari na mwenzake wa chumba.

Kuna mtu mmoja anayeweza kuniangusha katika hoja yangu yote, na ni haki nimlete mbele yenu: Adrien Atiman. Wengi hapa mnalijua jina, ila mliosoma simulizi yake mwenyewe ni wachache. Ilichapishwa katika *Tanganyika Notes and Records* mwaka 1946. Nikiruhusiwa kubaki na chanzo kimoja tu, nitachukua hicho. Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu, yapata mwaka 1866. Aliibwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara kama mzigo, akanunuliwa na mapadre huko Algeria. Lavigerie alikuwa na wazo kwamba Afrika itainjilishwa na Waafrika, na kwamba wa kutangulia wawe matabibu. Basi Atiman akapelekwa Malta kusomea uganga wa kisasa. Mwaka 1888 akaanza safari ya kuja huku. Mwaka 1889 akafika Karema, kijana wa miaka ishirini na ushei, umri wa wale wenye beji nyeusi.

Hakuondoka tena. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kichifu wa Kibende. Mwanawe Joseph akawa padre. Alitibu ndui, vidonda, macho, majeraha ya wanyama. Na kwa kuwa dawa za Ulaya zilichelewa au hazikufika kabisa, alijifunza mizizi na majani kwa waganga wa hapa, akazichanganya elimu hizo mbili bila kuona aibu. John Iliffe, katika kitabu chake cha 1998 juu ya madaktari wa Afrika Mashariki, anampa nafasi anayoistahili. Alifariki Karema mwaka 1956, baada ya miaka 67 ya kazi.

Mtasema: huyu ndiye mmisionari wa mwenzako, asiye na tiketi. Nami nimelipima hilo kwa muda mrefu. Ni kweli Atiman alikaa maisha yote na hakugeuka mtemi. Lakini hakuwa na tiketi kwa sababu aliibwa kwao akiwa mtoto. Angerudi kwa nani? Jeshi hakuwa nalo, wala kiti cha hukumu. Mapadre waliomlea walikuwa juu yake, na maagizo yalitoka kwao. Kukaa kwake hakukuwa fadhila aliyoichagua dhidi ya safari ya kurudi, na kumfanya kielelezo cha kuwapiga nacho vijana wa leo ni kumwibia historia yake mara ya pili. Uzuri wa Atiman haukuwa katika urefu wa muda. Ulikuwa katika kukubali kufundishwa na waliomkuta.

Kwa hiyo msimamo wangu, baada ya kupima haya yote, ni uleule niliokuwa nao nikiwa kijana mwalimu: mmisionari awe na tarehe ya kuondoka. Mwenye tarehe hawezi kujimilikisha kijiji. Analazimika kuwaachia wenyeji funguo. Tarehe hiyo ina maumivu yake pia, na hapo Wamormoni wana kazi ya kufanya, kwa sababu anayerudi kabla ya muda wake, kwa ugonjwa au kwa kuelemewa, mara nyingi hupokewa kwa minong'ono mitaani na kanisani. Hata aliyemaliza harudi mzima papo hapo. Mpwa wangu alipokuja kunitembelea nilimtuma chumvi dukani. Alifika mlangoni akasimama, akageuka kumngoja mwenzi. Hakuwepo. Miezi ikapita kabla hajazoea kutoka peke yake.

Sura hiyo ya kurudi ndiyo isiyoandikwa. Kumbukumbu za misheni huhifadhiwa na waliotuma, nao huhesabu waliobatizwa na waliozikwa. Wako Wafipa wengi waliotumwa nje ya Ufipa kama makatekista, masista, mapadre na wainjilisti, Wakatoliki, Wamoravian na wengineo, wakarudi wazee, na hakuna aliyewauliza kitu. Baadhi yenu mmeketi humu ukumbini. Kama mna barua, picha, daftari la kubatizia au kitabu cha safari, msiziache kwenye sanduku la bati zikaliwa na mchwa, na msizigawe kwa mtafiti atakayeondoka nazo. Pelekeni nakala maktaba ya mkoa, na asili zibaki nyumbani kwenu. Kama hamna karatasi yoyote, mwiteni mjukuu mwenye simu, akae nanyi jioni, arekodi.