Kuyatambua Maradhi ya Ubongo kwa Mwenye Ukimwi

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, enyi ndugu Waislamu wa Tungue, waume kwa wake: hutokea katika miji ya pwani hii, tangu Kionga hata Palma, mtu mwenye ukimwi akaumwa na kichwa kisichotulia, mkono na mguu wa upande mmoja vikalegea, akaanguka kifafa, au akawasahau hata wanawe. Hapo jamaa hunong'onezana: huyu ana jini, huyu amerogwa. Ubani huwashwa, mganga huitwa, na siku hupita. Yafaa ifahamike kwa nini siku hizo ni ghali mno.

Ukimwi ulitambuliwa na matabibu mwaka 1981. Virusi vyake huziangamiza chembe za damu zilizo askari wa mwili. Na askari wapungukapo sana, maradhi yaliyojificha hupata mlango. Mawili kati ya hayo huuingia ubongo na kufanana kama pacha. La kwanza ni toksoplasmosi, iletwayo na kimelea kipatikanacho katika mavi ya paka na katika nyama isiyoiva. La pili ni limfoma ya ubongo, saratani ya chembe za ulinzi, ambayo kwa mwenye ukimwi huambatana na virusi viitwavyo Epstein-Barr, vikaavyo mwilini mwa watu wengi bila kuwadhuru. La kwanza hutibika kwa vidonge. La pili lataka dawa nzito za saratani au mionzi, pamoja na dawa za ukimwi wenyewe. Kwa dalili za nje peke yake, hata tabibu hodari hawezi kuyapambanua.

Ndipo ilipo faida ya picha. Mwaka 1895 Mjerumani Röntgen aligundua miali ya eksirei, lakini miali hiyo ilionyesha mifupa, na ubongo ukabaki umefichwa na fuvu. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alipiga hesabu za kulishinda fuvu hilo. Mwingereza Godfrey Hounsfield akaunda mashine, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha London mwaka 1971. Mashine hiyo, ijulikanayo kwa herufi CT, huonyesha ubongo vipande vipande kama mkate uliokatwa. Baadaye ikaja MRI, itumiayo nguvu za sumaku, ionyeshayo kwa uwazi zaidi.

Mgonjwa hudungwa dawa mshipani ili kidonda king'ae. Toksoplasmosi kwa kawaida huonekana kama vidonda vingi, kila kimoja mfano wa pete. Limfoma aghalabu huwa uvimbe mmoja au michache, pengine mkubwa kupita sentimita 4, karibu na vyumba vya maji ya ubongo, au uliovuka daraja liunganishalo nusu zake mbili. Hata hivyo limfoma nayo huweza kuvaa pete, ikamdanganya mtazamaji. Penye uwezo, hutumiwa picha za dawa yenye mnururisho, kama thaliamu, ambayo saratani huifyonza na kidonda cha toksoplasmosi kwa kawaida hakiifyonzi. Hukumu ya mwisho ni kipande cha uvimbe wenyewe kitazamwe kwa darubini.

Mashine hizi hazipo kila mji. Toka Palma hata Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000. Na baada ya mashambulizi ya Machi 2021, wengi walikimbia makwao na dawa zao zikakatika. Lakini matabibu hawakukosa njia. Mgonjwa hupewa kwanza dawa ya toksoplasmosi, kama kotrimoksazoli, akaangaliwa kwa muda wa majuma mawili. Akipata nafuu, ugonjwa umejulikana. Asipopata, limfoma hudhaniwa, na hapo safari ya kwenda penye mashine haina budi. Hivyo dawa yenyewe huwa kipimo. Atakayemfungia mgonjwa chumbani majuma hayo mawili amempotezea tiba na kipimo pamoja.

Mtume (S.A.W.) aliwafundisha watu kujitibu, wala hakuona kujitibu kuwa kinyume cha kutawakali. Dua na isomwe, lakini isomwe njiani kwenda hospitali. Aibu nayo isimwue mtu: tabibu asiyeambiwa kwamba mgonjwa ana virusi hatayafikiria maradhi haya. Siri ya Mwislamu na isitiriwe sokoni, isifichwe mbele ya tabibu.

Na bora kuliko picha zote ni kinga. Tangu mwaka 1996, dawa za ukimwi zilipoanza kutumiwa kwa pamoja, limfoma hii imepungua sana kwa wazitumiao. Basi apimaye mapema na kumeza dawa yake kila siku amefunga mlango kabla mwizi hajafika.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, awarehemu waliotangulia, na awape jamaa zao busara na subira. Amin.