Pima Maji Kabla ya Kulipa
Hotuba ya afisa wa maji katika baraza la wananchi



Kiangazi kikibana, wengi wetu hununua maji ya lori. Mwuzaji akisema, "Hizi ni lita 5,000," tunalipa lita 5,000. Ni nani hapa amewahi kuzipima? Leo nataka muondoke mkijua kupima wenyewe, kwa utepe na kijiti kirefu tu.

Tukichukua tangi la mviringo lenye kuta zilizonyooka, chukua nusu ya kipenyo, izidishe kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, halafu kwa kimo cha maji. Ukipima kwa mita utapata mita za ujazo, na kila mita moja ya ujazo ni lita 1,000. La pembe nne ni rahisi zaidi: urefu mara upana mara kimo.

Tuseme tangi lako lina kipenyo cha mita 2. Nusu yake ni 1, na 1 mara 1 ni 1. Zidisha kwa 3.14. Basi kila mita ya kimo ni lita 3,140, na kila sentimita ni lita 31.4. Andika hesabu hiyo ukutani.

Lori likifika, tumbukiza kijiti, tia alama maji yalipofika. Yakishamiminwa, pima tena. Lita 5,000 zitapanda karibu sentimita 159. Zikipanda 130 pekee, umepata takriban lita 4,080. Zilizopungua ni karibu mitungi 46 ya lita 20, na umeilipia!

Tahadhari moja: pimeni kipenyo cha ndani, tangi likiwa tupu. Ukuta wa saruji wenye unene wa sentimita 10 ukiuhesabu, utadhani kila mita ya kimo ina zaidi ya lita 650 ambazo hazipo. Hapo utamlaumu mtu bure.

Ndugu zangu, kupima si kumshuku mwuzaji. Aliyeleta maji kamili, kijiti kitamtetea. Aliyepunguza, mwonyesheni alama kabla hamjalipa. Na watoto wetu wanaosoma hesabu hizi shuleni, wapeni utepe wawasaidie.