Mti Wako na Waya wa Umeme

(Haya ni mazungumzo ya fundi mmoja wa umeme wa majumbani. Aliyatoa kwa wanakisomo wa kijijini kwake, karibu na msimu wa maembe.)

 

Leo sitaandika ubaoni. Tazameni juu. Mnauona mwembe ule? Mnaziona nyaya zinazopita kando yake? Nguzo ziliposimamishwa hapa, mwembe ule ulikuwa mfupi. Nguzo haikui. Mti unakua.

Sasa tawi likigusa waya, watu wetu hufanyaje? Mtu anazima swichi kubwa ya ukutani, anachukua panga, anapanda. Mwingine anasema, LUKU yangu imekwisha tangu jana, nyumba ni giza, waya hauna kitu. Hapana, jamani! Nyumba zetu hapa zina mita ukutani. Mita na swichi vinazuia umeme usiingie ndani tu. Waya unaotoka kwenye nguzo mpaka nyumbani bado una umeme. Una volti 230, na hizo zinatosha kuua.

Yuko pia anayengoja umeme ukatike kijiji kizima. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilipokuwa kijana, siku moja umeme haukuwapo tangu asubuhi. Nikapanda mpera wetu kukata tawi lililolalia waya. Mama akaniita nishuke nile. Sijamaliza ugali, redio ya jirani ikaanza kuimba. Nikamtazama mama. Mama hakusema neno. Umeme unaporudi haupigi hodi.

Hizo ni nyaya za kwenda nyumbani. Ziko nyaya nyingine, zile za juu zinazoleta umeme kwenye transfoma. Hizo zina volti 11,000 au 33,000, na ziko uchi, hazina ganda. Umeme wake haungoji kuguswa. Ukiusogelea mno, unakurukia. Na mti mbichi una maji ndani yake, kwa hiyo unapitisha umeme. Mtu anaweza kushika shina, miguu yake iko chini kabisa, akafa. Mwanzi wa kuangulia maembe nao ni hivyo hivyo, hasa ukilowa mvua. Ngazi ya chuma ndiyo mbaya zaidi. Watoto wetu hawayajui haya. Wao wanaona embe bivu tu.

Je, mti ukiangusha waya? Usiuguse, hata kama hautoi cheche. Usiuondoe kwa fimbo. Ardhi ya hapo nayo huwa na umeme. Kaa mbali mita 10 au zaidi, na wazuie wengine. Kama umejikuta karibu nao, usikimbie. Bana miguu yako pamoja, ondoka kwa kuiburuta kidogo kidogo. Miguu ikiachana, umeme unapanda kwa mguu huu na kushuka kwa ule. Ndiyo sababu ng'ombe hufa upesi mahali kama hapo: miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali mbali.

Na mwenzako akinaswa na waya huo, usimshike. Najua ni vigumu, hasa akiwa mtoto wako. Lakini ukimshika tutawazika wawili. Piga simu kwa TANESCO wakate umeme. Wakishasema umekatwa, hapo msaidie na mumpeleke hospitali.

Basi mti ukatwe na nani? Na watu wa TANESCO. Toa taarifa mapema, au mwambie mwenyekiti wa kijiji aipeleke. Wao huuzima umeme huko unakotoka, huupima, huunganisha nyaya na ardhi, ndipo hukata. Kweli, hukata vibaya. Mwembe wa marehemu baba yangu waliuacha kama mtu aliyenyolewa upande mmoja. Niliumia, kwa sababu baba aliupanda kabla ya nguzo kuja. Lakini unazaa mpaka leo, na wajukuu wake wanaucheza chini.

Wanaotaka kupanda mikaratusi, pigeni hesabu sasa. Mti ukiweza kufika mita 30, upande zaidi ya mita 30 kutoka kwenye waya, ili ukianguka usiufikie. Karibu na nyumba pandeni mindimu au mikomamanga, tena si chini ya waya.

Naam, mama pale nyuma. Anauliza, maembe yaliyo upande wa waya ayaanguaje? Mama, hayo usiyaangue. Waachie popo. Yatakayodondoka mtaokota, kama tawi liko mbali na waya. Kama limeugusa, hata ya kuokota yaacheni. Kesho asubuhi nitapita kwako tuutazame, na barua ya taarifa utaiandika mwenyewe. Kuandika si unajua?