Majumba ya Mji Mkongwe wa Unguja na Wajibu wa Kuyatengeneza



Mji Mkongwe wa Unguja una majengo zaidi ya 1,700, na mengi katika hayo yalijengwa katika karne ya kumi na tisa. Mgeni apitaye katika vichochoro vyake huitazama milango ya nakshi akastaajabu. Aghalabu hainui macho yake hata mapaani. Na huko mapaani ndiko maradhi ya nyumba hizo yanakoanzia.

Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Juu ya kuta zimelazwa boriti za mikoko, na kwa kuwa mti huo una urefu wake maalum, vyumba vya Unguja vimekuwa virefu na vyembamba. Boriti hizo hazibebi dari tu, bali huzishika kuta mbili zisiachane. Maji ya mvua yakipata ufa, huteremka ndani ya ukuta polepole mpaka yakafika penye ncha za boriti zilizozama katika mawe. Hapo mti huoza, wala mkaaji haoni kitu. Siku ncha inapokatika dari huporomoka, na ukuta uliokosa mshiko hutokeza tumbo kuelekea njiani. Watu husema nyumba imeanguka kwa uzee. La, imeanguka kwa bati lililotoboka au mlizamu ulioziba, jambo ambalo fundi mmoja angalilimaliza kwa siku moja.

Basi suala lote ni hili: nani apande juu ya paa, na kwa fedha ya nani?

Kabla ya mwaka 1964 jibu lilijulikana, ijapokuwa si kila mara lilitekelezwa: ni mwenye nyumba, au msimamizi wa wakfu. Baada ya mapinduzi ya mwaka huo wengi katika wenye nyumba waliondoka, majumba mengi yakatwaliwa na serikali, na ndani yake wakawekwa watu waliokuwa wakihitaji makazi. Jambo hilo halifai kutajwa kwa dharau, maana familia nyingi zilipata nyumba ya mawe kwa mara ya kwanza. Lakini jumba lililojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja likaingiwa na familia kadhaa, kila moja na jiko lake na maji yake, na kodi ikawa ndogo hata haikutosha kununua mabati. Kila chumba kilikuwa na mtu wake; paa halikuwa na mtu.

Mwaka 1985 serikali ya Zanzibar iliunda Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe. Kazi yake ni kukagua majengo, kutoa vibali vya matengenezo na kuzuia ujenzi uharibuo mji. Serikali vile vile iliuza baadhi ya nyumba zake kwa watu binafsi, kwa kutaraji kwamba mwenye mali atakuwa na uchungu nayo. Sheria mahsusi ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka 2000 mji ukaandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia.

Miongoni mwa mambo ambayo Mamlaka imeyapigania, lenye faida kubwa huenda ni dogo kwa kusikia: kuwarudisha waashi kwenye chokaa. Mtu akiona ukuta unamomonyoka hukimbilia saruji kwa kuwa ni ngumu na hukauka upesi. Lakini ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na kuutoa tena. Ukipigwa lipu ya saruji maji na chumvi hufungika ndani, lipu hubambuka na jiwe huliwa kwa nyuma. Chokaa iliyochomwa tanuuni na kulowekwa vizuri majini huuacha ukuta upumue. Wazee wa Unguja waliyajua hayo bila ya mhandisi.

Hata hivyo kibali kina mpaka wake. Kibali humzuia atendaye vibaya. Hakimsukumi asiyetenda kitu. Nyumba ikiwa mahali pazuri hupata tajiri, ikageuzwa hoteli na kupakwa rangi. Nyumba ya ndani kabisa mtaani, yenye wapangaji maskini, hungoja. Wala ukubwa wa jina si kinga: Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa mikononi mwa serikali na likitazamwa na dunia nzima. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ya mbele pamoja na mnara wake iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafa.

Hapa jambo linawagusa Waislamu khasa, maana sehemu ya majumba ya Mji Mkongwe ni mali ya wakfu. Wanachuoni wa fikihi wameeleza kwamba mapato ya wakfu huanza kutumika katika kuutengeneza wakfu wenyewe, kisha ndipo wanufaika wapewe. Kwani nyumba ikianguka haki yao nayo imekwisha. Kanuni hiyo ni bora kuliko sheria nyingi za miji, kwa sababu huamua mapema fedha ya paa itoke wapi. Kilichoikwamisha ni kodi isiyolingana na gharama. Kupandisha kodi ghafla ni kumtoa mjane na watoto wake nje. Kuiacha ilivyo ni kuwaweka chini ya dari inayooza. Njia iliyo katikati ni ngumu, lakini ipo: wapangaji wenye uwezo walipe kodi ya haki, maskini wapunguziwe kwa majina yao na kwa idhini iliyoandikwa, na sehemu ya kila kodi iwekwe kando kwa ajili ya paa tu, isiguswe kwa jambo jingine.

Jumuiya za nchi jirani zenye nyumba zao za wakfu zaweza kuanza bila ya kungoja serikali. Kwanza ni kuwa na daftari la kila nyumba, likionyesha lini paa lilikaguliwa na nani aliyelikagua. Ukaguzi huo ufanywe mwezi wa Februari, masika hayajaingia, na fundi apewe ngazi na ujira wake siku ile ile.