Saratani ya Kibofu: Majibu ya Maabara Si Hukumu ya Kifo

Hotuba ya elimu kwa umma, kwa wahudumu wa afya ya jamii na mabaraza ya wananchi, Kaunti ya Uasin Gishu



Jambo la leo linaanzia chooni, na pengine ndiyo sababu watu hulinyamazia. Chukulieni mfano wa mzee wa Moiben mwenye miaka 62. Ni msimu wa kuvuna mahindi. Anaamka alfajiri, anaenda haja ndogo, na mkojo unatoka mwekundu. Hasikii maumivu yoyote. Kesho yake mkojo ni safi. Anajiambia ni uchovu, anarudi shambani. Baada ya miezi minne damu inatoka tena. Ananunua vidonge kwenye duka la dawa, damu inakoma, anashukuru Mungu. Mwaka unapita hivyo.

Mzee huyo ni wa mfano tu, lakini kila mhudumu wa afya aliye hapa anamjua mtu kama yeye. Damu isiyo na maumivu ndiyo dalili ya kwanza ya saratani ya kibofu kwa wagonjwa wengi. Hutoka, ikakoma yenyewe, kisha ikarudi. Kukoma kwake si kupona. Kwa kina mama hatari ni nyingine: damu huchukuliwa kuwa ya hedhi, au mama hutibiwa maambukizi ya njia ya mkojo mara tatu, mara nne, bila kibofu kuchunguzwa.

Mgonjwa akifika hospitali ya rufaa, daktari huingiza kifaa chembamba chenye kamera kupitia njia ya mkojo, akaangalia ndani ya kibofu. Akiona uvimbe, huukata kupitia njia hiyo hiyo na kupeleka vipande maabara. Huko vipande hutiwa katika dawa ya fomalini, vikagandishwa ndani ya nta, kisha vikakatwa vipande vyembamba sana kuliko unywele. Mtaalamu wa patholojia huvitazama kwa hadubini.

Hapo ndipo protini zinapoingia. Maabara inaweza kumwagia kipande hicho kingamwili inayoshika protini moja tu, na mahali ilipo pakageuka rangi ya kahawia. Protini moja huitwa p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Kazi yake ni kama ya askari wa lango: seli ikiharibika, huizuia isigawanyike. Askari huyo akiharibika mwenyewe, mara nyingi hurundikana ndani ya seli bila kufanya kazi. Nyingine ni Ki-67, iliyoelezwa mwaka 1983 na watafiti wa mji wa Kiel, Ujerumani. Hii huonekana kwenye seli zinazogawanyika, kwa hiyo huonyesha kasi ya uvimbe. Ya tatu ni PD-L1, ambayo seli za saratani huitumia kujificha zisishambuliwe na kinga ya mwili.

Sasa familia inapokea ripoti imeandikwa "p53 chanya" au "Ki-67 juu". Kijana wa nyumbani anatafuta maneno hayo kwenye simu na kukuta habari za kutisha. Jioni hiyo hiyo mzee anaanza kugawa mashamba, na nauli ya kurudi hospitali haitafutwi tena. Hilo ndilo kosa ambalo hotuba hii inataka kuzuia.

Ni kweli kwamba uvimbe wenye Ki-67 nyingi kwa kawaida huwa mkali zaidi. Lakini tafiti kuhusu p53 zimepingana kwa miaka mingi: nyingine zikaiona kuwa ishara mbaya, nyingine hazikuona tofauti kubwa. Mpaka sasa miongozo ya tiba haimwambii daktari aamue tiba ya kila mgonjwa wa kibofu kwa p53 au Ki-67. Wengi wanaifahamu saratani ya matiti, ambako protini za homoni na ile ya HER2 huamua dawa. Kwa wagonjwa wengi wa kibofu, hali haijafika hapo. PD-L1 yenyewe husaidia zaidi ugonjwa ukiwa umeenea, daktari anapofikiria dawa za kuamsha kinga.

Kinachotabiri zaidi ni mambo ya kawaida kabisa. La kwanza ni kina: uvimbe uko kwenye utando wa ndani tu, au umeingia kwenye msuli wa kibofu? La pili ni ukali wa seli zenyewe zinavyoonekana kwa hadubini. Hapa Eldoret, mji wa wanariadha, mfano ni rahisi. Ki-67 inaeleza mkimbiaji ana kasi gani. Kina cha uvimbe kinaeleza amefika wapi. Hata mkimbiaji mwenye kasi, akikamatwa hatua chache baada ya kuanza, hajaenda mbali.

Na mahali alipofika hubadilisha tiba yote. Uvimbe ambao haujaingia kwenye msuli hukatwa, na ule ulio mkali hufuatiwa na dawa ndani ya kibofu. Mojawapo ni BCG, ile ile inayotumika kuchanja watoto wachanga dhidi ya kifua kikuu. Hutiwa kibofuni mara moja kwa wiki kwa wiki sita mwanzoni. Ukishaingia kwenye msuli, mazungumzo huwa ya kuondoa kibofu kizima, tibakemikali au mionzi. Kule Ulaya na Marekani, takriban wagonjwa watatu kati ya wanne hugunduliwa kabla uvimbe haujaingia kwenye msuli.

Kwa hiyo, familia ikipewa ripoti, iulize maswali manne. Je, uvimbe umeingia kwenye msuli, na je, kipande kilichopimwa kilikuwa na msuli ndani yake? Kama hakikuwa nao, huenda daktari akahitaji kukata tena. Je, seli ni kali au si kali? Je, ni saratani ya aina gani? Na la nne, mtu akishauriwa alipie kipimo cha ziada cha protini: je, majibu yake yatabadilisha tiba? Kama hayatabadilisha, pesa hizo zina kazi nyingine, kuanzia nauli hadi dawa.

Swali la aina lina historia. Mwaka 1851, huko Cairo, daktari Mjerumani Theodor Bilharz aligundua minyoo ya kichocho. Mayai yake hukwama kwenye ukuta wa kibofu, yakaleta uvimbe na vidonda kwa miaka, na hatimaye huweza kuleta saratani ya seli bapa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilithibitisha mwaka 1994 kwamba kichocho cha mkojo husababisha saratani kwa binadamu. Nchini Kenya, kichocho hicho kinajulikana zaidi Pwani, kama Kwale, Kilifi na Tana River. Huku nyanda za juu si tatizo kubwa, lakini Eldoret ni mji wa watu waliotoka kila pembe. Aliyekulia karibu na maji yenye konokono wa kichocho amwambie daktari. Kichocho kina dawa, prazikwanteli, na kukitibu mapema ni kinga.

Sababu nyingine haina mipaka ya kaunti: tumbaku. Sumu za moshi huchujwa na figo, zikakaa kibofuni pamoja na mkojo. Kuacha sigara husaidia hata kwa aliyekwisha kuugua.

Wahudumu wa afya ya jamii, mkipita nyumba kwa nyumba, ongezeni swali moja: kuna mtu hapa aliyewahi kuona damu kwenye mkojo, hata mara moja? Akiwepo, aende kituo cha afya kilicho karibu, apimwe mkojo, na aombe rufaa damu ikirudi au ikikosa maelezo. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iko hapa hapa mjini, pamoja na Kituo cha Chandaria cha saratani na magonjwa sugu. Kila mwananchi ajisajili na SHA akiwa mzima, asingoje siku ya kulazwa.

Protini zilizomo ndani ya uvimbe hakuna awezaye kuzichagua. Siku ya kwenda hospitali, mzee wa Moiben anaweza kuichagua. Mahindi yatasubiri.